Emin Pasha: Daktari Aliyezaliwa Myahudi, na Jeshi Aliloliacha West Nile

Askari au polisi yeyote aliyepata kutumikia Arua au Koboko amewajua Wanubi. Amekisikia Kinubi chao sokoni, amewaona wazee wao wakitoka msikitini siku ya Ijumaa, na huenda amelala bweni moja na kijana wa ukoo wao, kwani historia ya majeshi ya Uganda tangu siku za King's African Rifles haiandikiki pasipo kulitaja jina hilo. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba mkuu wa mwisho wa mababu wa watu hawa, kabla Waingereza hawajawachukua, hakuwa Msudani wala Mmisri. Alikuwa daktari kutoka Ujerumani, mtu mwembamba, mfupi, mwenye miwani minene, aliyezaliwa na baba na mama Wayahudi. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer. Jina alilokufa nalo ni Emin Pasha.

Twapenda leo kuyasimulia maisha yake, si kwa sababu alikuwa shujaa asiye na doa, maana madoa alikuwa nayo. Twayasimulia kwa kuwa swali lililomwandama tangu utoto hadi kaburini humkabili kila aliyevaa sare wakati wa vita: mtu ni wa nani? Je, ni wa damu iliyomzaa, au wa dini anayoitangaza, au wa bendera anayoipigia saluti, au ni wa wale anaokula nao njaa moja?

MTOTO WA OPPELN

Eduard Schnitzer alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, jimbo la Silesia, lililokuwa wakati huo chini ya ufalme wa Prussia na ambalo leo limo katika nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Familia ilihamia mji wa Neisse angali mtoto mchanga, na hapo baba akafariki mwaka 1845. Mama yake aliolewa tena na Mkristo wa Kiprotestanti, na watoto wakabatizwa. Basi kabla hajajua kusoma vizuri, mtoto yule alikuwa amekwisha kutolewa katika jumuiya moja na kutiwa katika nyingine, bila ya kuulizwa.

Ili msomaji alipime jambo hili sawasawa, hana budi kukumbuka hali ya Wayahudi wa nchi ile siku zile. Walikuwa raia, walilipa kodi, na vijana wao walipigana katika vita vya mfalme. Lakini kazi nyingi za serikali zilifungwa mbele yao mpaka sheria ya mwaka 1869 ilipowapa haki sawa na wengine. Kwa familia nyingi ubatizo ulikuwa ndio ufunguo wa mlango huo. Kwa upande mwingine, sheria ya dini ya Kiyahudi husema kwamba mtoto wa mama Myahudi ni Myahudi, hata akibatizwa. Kwa hiyo Eduard alikua akiwa mtu wa pande mbili: wenzake walimwita Mkristo, na damu yake ilikuwa na jibu lingine.

Alisomea udaktari katika vyuo vya Breslau, Königsberg na Berlin, akapata shahada yake mwaka 1864. Hata hivyo hakukamilisha masharti ya serikali ya kumwezesha kufanya kazi ya uganga nchini kwake. Akaondoka kwenda dola ya Waturuki, na kule Antivari, mji wa pwani ambao siku hizi huitwa Bar, akapata kazi ya daktari wa karantini. Alikuwa na kipawa kikubwa cha lugha, na mara akajifunza Kituruki, Kiarabu, na lugha za wenyeji wa pwani ile. Akaingia katika nyumba ya gavana mmoja wa Kituruki, Ismail Hakki Pasha, akawa daktari wake.

Hapa tunakutana na doa la kwanza. Gavana yule alipofariki, Schnitzer alirudi Neisse na mjane wake, pamoja na watoto na watumishi, akawakaribisha katika nyumba ya mama yake. Kisha mwaka 1875 akatoweka ghafla, akawaacha wote bila ya kuaga. Mwisho wa mwaka huo alionekana Khartoum, akijitambulisha kuwa Mturuki aliyesomeshwa Ujerumani, na jina lake sasa lilikuwa Mehemed Emin. Neno hilo Emin ndilo Amin ya Waarabu, na maana yake ni mwaminifu. Mtu aliyekuwa amekimbia mzigo wake alijichagulia jina la uaminifu, na tangu hapo akawa kama mtu anayelipa deni la jina hilo.

GAVANA WA IKWETA

Mwaka 1876 Charles Gordon, Mwingereza aliyekuwa akitawala Jimbo la Ikweta kwa niaba ya Khedivu wa Misri, alimwajiri kuwa daktari mkuu wa jimbo. Gordon aligundua upesi kwamba daktari huyu alikuwa na akili ya kuzungumza na wafalme. Akamtuma Buganda kwa Kabaka Mutesa, na tena Bunyoro kwa Mukama Kabarega. Mwaka 1878 Emin akateuliwa kuwa gavana wa jimbo lote, mwenye makao yake Lado, juu ya Mto Nili.

Jimbo hilo lilikuwa pana. Lilishika sehemu kubwa ya kusini ya Sudani, na likateremka hadi Ziwa Albert, pamoja na nchi ambayo leo twaiita West Nile. Vituo vyake vilipangwa kando ya mto: Lado, Rejaf, Dufile, Wadelai. Jeshi lake lilikuwa batalioni mbili. Maofisa wengi walikuwa Wamisri waliopelekwa huko kama watu wanaopelekwa uhamishoni, maana Ikweta ilitumika kuwatupa wenye makosa. Na baada ya uasi wa Misri wa mwaka 1882 waliongezeka. Askari wa kawaida walikuwa Waafrika wa nchi zile zile: Wadinka, Wamakaraka, Wabari, Wamoru na makabila mengine. Wengi wao walikuwa wameingia jeshini kwa njia ya utumwa, kisha bunduki na sare vikawa ndivyo ukoo wao.

Emin aliwapunguza wafanyabiashara wa watumwa, akawafukuza waliozidi ukali, akapanda pamba na mpunga, na kufikia mwaka 1882 jimbo lililokuwa likila hasara kila mwaka lilikuwa likitoa faida. Jioni aliandika shajara, akapima mvua, akatayarisha ngozi za ndege na kuzipeleka katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Hata leo wako ndege na wanyama wa Afrika ya Mashariki wanaobeba jina lake katika vitabu vya wataalamu. Kwa askari alijulikana kama Mwislamu mwenzao. Kwa dada yake kule Ujerumani aliandika barua kama kaka wa siku zote. Hapana aliyeijua nafsi yake yote.

JIMBO LAKATWA

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, na Sudani ikawaka moto. Mwezi Machi 1883 meli ya mwisho kutoka Khartoum ilifika Lado. Baada ya hapo hakuna risasi, hakuna mshahara, hakuna barua iliyokuja kwa njia ya mto. Mwezi Novemba mwaka huo jeshi la Hicks liliangamizwa Kordofan. Mwaka 1884 jirani yake, gavana wa Bahr el Ghazal, alisalimu amri. Emin naye akapata barua ya kumtaka ajitoe. Hakuwa na nguvu ya kukataa waziwazi. Akajibu kwa upole, akaahidi, akachelewesha, akanunua wakati. Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Mwaka huo huo Emin akahamia kusini, akaweka makao yake Wadelai, ukingo wa magharibi wa Nili, katika nchi ya Waaluri.

Askari wanaosoma habari hii wanajua maana ya kikosi kilichokatwa nyuma na mbele. Nguo zilipochakaa, pamba ya mashambani ilifumwa ikawa sare. Sabuni ilitengenezwa kambini. Risasi zilihesabiwa. Askari walikuwa wamekwisha kuoa wenyeji, wana watoto, wana mashamba na mifugo. Kila kituo kilikuwa kijiji kilichozungukwa na handaki. Wala tusisahau kwamba chakula na ng'ombe wa vituo hivyo mara nyingi vilitoka kwa wenyeji kwa mtutu wa bunduki. Wabari na Walugbara hawakuwa na sababu ya kuusifu utawala huo, na gavana, pamoja na wema wake, hakuweza kuwazuia askari wasiolipwa wasijilipe wenyewe.

Mwezi Februari 1886 barua ilimfikia kwa njia ya Bunyoro. Serikali ya Misri ilimjulisha kwamba imeiacha Sudani, na kwamba yuko huru kujiokoa kwa njia ya Zanzibar kama aonavyo vema. Hapa ndipo kilipo kiini cha maisha ya mtu huyu. Angeweza kuondoka na walinzi wachache, kama alivyoondoka rafiki yake Junker aliyefika pwani salama. Alikuwa ametoweka Neisse. Angeweza kutoweka Wadelai. Hakuondoka. Askari wake hawakutaka kwenda kusini, kwa kuwa kwao njia ya nyumbani ilikuwa kaskazini, na hawakusadiki kwamba Khartoum imeanguka. Naye hakukubali kuwaacha. Mtu aliyekuwa amebadili jina, dini na nchi alikuwa amepata kitu kimoja ambacho hakuweza kukibadili.

WAOKOAJI WENYE NJAA

Ulaya ilipopata habari za gavana aliyebaki peke yake, michango ilikusanywa, na Henry Stanley akatumwa kumwokoa. Msafara ulitoka Zanzibar mwezi Februari 1887, ukazunguka bara kwa bahari, ukapanda Mto Kongo na kupasua msitu wa Ituri, ambamo watu wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Tarehe 29 Aprili 1888 walikutana kando ya Ziwa Albert. Emin alikuja kwa meli yake ya moshi, amevaa nguo safi nyeupe, akiwa amebeba vyakula. Waokoaji ndio waliokuwa na njaa na matambara. Kwa kweli siku ile aliyeokolewa alikuwa Stanley.

Lakini kuja kwa msafara kuliharibu kile ambacho vita havikuwa vimekiharibu. Uvumi ukaenea vituoni kwamba barua za Khedivu zilizoletwa ni za uongo, na kwamba Pasha anakusudia kuwapeleka askari pamoja na wake zao na watoto wao wakawe watumwa wa Waingereza. Watu waliowahi kuuzwa hawakuhitaji ushahidi mwingi ili waamini. Mwezi Agosti 1888, kule Dufile, askari walioongozwa na Fadl el Mula walimkamata Emin pamoja na ofisa wa Stanley, Mounteney Jephson. Aliyekuwa mwenzao jana, leo akawa mgeni na mwuzaji.

Kisha vita vikawakumbusha. Majeshi ya Mahdi yalipanda mto na kuitwaa Rejaf. Mwezi Novemba walifika Dufile, wakaingia hata ndani ya boma, na askari wa Ikweta, wenye risasi za kuhesabu, wakawasukuma nje na kuwashinda. Emin hakuwapo, alikuwa amekwisha kupelekwa Wadelai. Ushindi mkubwa kuliko wote wa jeshi lake ulipatikana bila yeye. Tunaona kuwa ni haki kuliandika hilo kwa ajili ya askari wale, maana vitabu vya Ulaya vimewataja zaidi kama waasi kuliko kama watetezi wa Dufile. Mabaki ya handaki lao yamebaki hadi leo katika wilaya ya Moyo.

Mwanzo wa mwaka 1889 Emin aliteremka ziwani. Ofisa wake Selim Bei aliomba muda wa kuwakusanya askari na jamaa zao. Emin alitaka kuwangoja; Stanley hakutaka. Tarehe 10 Aprili 1889 msafara ukang'oa kambi. Pamoja na Emin walikuwako watu wapatao 600 tu, wengi wao wanawake, watoto na makarani. Wengi walikufa au kubaki njiani. Bagamoyo wakafika tarehe 4 Desemba 1889, na usiku ule ule, katika karamu ya kumpongeza, Emin, ambaye macho yake yalikuwa hafifu, akaanguka kutoka ghorofani akavunjika fuvu la kichwa. Alilala hospitali kwa wiki nyingi.

MWISHO WAKE

Alipopona aliingia katika utumishi wa Wajerumani, waliokuwa wakijitwalia Tanganyika. Hilo nalo ni doa, nasi hatulifichi. Alipandisha bendera ya Wajerumani Tabora, akaanzisha kituo cha Bukoba mwishoni mwa mwaka 1890. Lakini kumbe moyo ulikuwa ungali kaskazini. Mwaka 1891, bila ya ruhusa ya wakubwa wake, alikwenda hadi karibu na Ziwa Albert kuwatafuta askari wake wa zamani. Akawakuta. Selim Bei alikataa kumfuata: yeye alikuwa askari wa Khedivu, na Pasha sasa alikuwa mtu wa bendera nyingine. Somo la uaminifu alilowafundisha walikuwa wamelishika vizuri kuliko mwalimu.

Ndui ikauvamia msafara. Mwezi Desemba 1891 alimwamuru msaidizi wake Stuhlmann aondoke na wazima, yeye akabaki na wagonjwa. Baadaye akaelekea Kongo, akiwa karibu kipofu, akaingia katika nchi iliyokuwa vitani kati ya wafanyabiashara wa Manyema na utawala wa Wabelgiji. Tarehe 23 Oktoba 1892, mahali paitwapo Kinena, alikatwa koo kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakuu wa wafanyabiashara hao. Binti yake Ferida, aliyemzaa na mama Mhabeshi, alilelewa Ujerumani na dada yake.

JESHI LIKAWA KABILA

Mwezi Septemba 1891 Kapteni Lugard alifika kwa Selim Bei, akamshawishi aingie katika utumishi wa Waingereza, pamoja na askari mia kadhaa na maelfu ya wake, watoto na wafuasi. Hawakulipwa fadhila. Mwaka 1893 Selim Bei, mgonjwa, alishukiwa kula njama, akakamatwa, akafia Naivasha akiwa njiani kupelekwa pwani. Fadl el Mula alijiunga na Wabelgiji, akauawa na Wamahdi mwaka 1894. Mwaka 1897, kwa ujira duni na safari zisizokwisha, askari wa Kisudani wa Uganda waliasi. Hata hivyo wana wao wakaingia tena katika King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902. Wengine hawakutoka kabisa West Nile. Walichanganyika na Wakakwa na Walugbara. Nchi hiyo ilipotiwa Uganda mwaka 1914 na mji wa Arua ukaanzishwa, Wanubi wa Arua na Koboko wakawa jumuiya kamili, yenye lugha, dini, mavazi na vyakula vyake. Wazee wao wa kwanza hawakuwa wa kabila moja. Kilichowazaa ni boma lililozingirwa.

Katika mazingira hayo ya Koboko, nchi ya Wakakwa na Wanubi, ndiko ulikokuwa ukoo wa baba wa Idi Amin, aliyetwaa utawala mwaka 1971. Amin naye alibeba jina lile lile la mwaminifu. Wakati wa utawala wake ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Walioumia ni Abayudaya wa Mbale, wakulima Waafrika walioifuata dini hiyo tangu mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu, aliyekuwa mkuu wa vita kabla ya kuwa mtu wa sala. Hawakuwa na uhusiano wowote na Emin, wala na vita vya Mashariki ya Kati. Masinagogi yao yalifungwa, wengi wakabadili dini, na waliobaki walisali kwa siri mpaka Amin alipoanguka mwezi Aprili 1979, katika siku za sikukuu yao ya Pasaka.

Kisha zamu ikageuka. Baada ya mwaka 1979, watu wa West Nile waliadhibiwa kwa jina la Amin, wawe walimtumikia au la. Maelfu walikimbilia Zaire na Sudani. Mwezi Juni 1981 watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali. Aliyefyatua risasi hakuuliza nani alifanya nini. Ilitosha kwamba walikuwa wa huko.

Jambo hilo hilo lilikuwa limetokea kwao Emin. Mwaka 1935 serikali ya Hitler iliandika sheria iliyomhesabu mtu kwa mababu zake, na cheti cha ubatizo hakikumfaa mtu kitu. Novemba 1938 sinagogi la Oppeln lilichomwa moto, na Wayahudi wa miji ile, waliokuwa wamepigania bendera ya Ujerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, hatimaye wakapelekwa kuuawa. Gavana ambaye Wajerumani walimshangilia kuwa shujaa wao angehesabiwa, kama angalikuwa hai, miongoni mwa waliohukumiwa kwa kuzaliwa.

Wamahdi walimwita Emin mtumishi wa Waturuki, waasi wakamwita mwuzaji, Stanley akamwona dhaifu, Wajerumani wakamwita Mjerumani. Kila mmoja alichukua kipande. Sisi twaona kwamba kipande kilicho kikubwa kuliko vyote ni ile miaka mitatu ya Wadelai, tangu barua ya ruhusa ilipomfikia hadi alipoondoka, alipokuwa na hiari ya kwenda akakaa. Aliye kizuizini barabarani, na anayeshika orodha ya majina kwenye kizuizi hicho, wote wawili wangefanya vema kuikumbuka. Jina na dini na kabila la mtu huandikwa na wengine kabla hajafungua kinywa. Alichokitenda mwenyewe ndicho cha kuulizwa.